Mashimo Tisa na Kaka Yangu

Papa alinituma nikamwambie kaka yangu mkubwa kwamba haendi Kanada. Aliniambia akiwa ameinama kwenye cherehani, hakuniangalia. "We njo atakusikiliza," akasema, yaani ni mimi tu atakayenisikiliza. Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa kila kitu, hata kwa vitu ambavyo tumbo langu linavikataa, kwa sababu kusema hapana kunataka sauti, na sauti yangu mbele ya watu haitoki. Ndiyo maana naandika.

Inabidi nieleze kwanza kwa nini sisi tunaenda na yeye anabaki.

Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, kutoka Bukavu nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na minane. Tulisimama kwenye mstari wa kuandikishwa siku mbili, na waliotangulia kufika walikuja kutufundisha mambo ya kambi. Mwanaume mmoja alimvuta Papa pembeni. Kijana mkubwa namna hii, alimwambia, usimwandikishe pamoja nawe. Aseme amekuja peke yake, atapata kadi yake ya chakula, unga wake na kiwanja chake. Lakini lazima aseme si mtoto wako, la sivyo watamrudisha kwenye kadi yako. Papa ni fundi wa nguo. Alisikia "kiwanja" na nadhani palepale alishaona mahali pa kuweka cherehani.

Basi kaka yangu alipofika mezani akasema hajui wazazi wake waliko, na kwamba sisi ni majirani tu aliopanda nao lori. Familia nyingi zilifanya hivyo. Tuliuita uongo wa unga, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuungama kanisani. Unga wake tulikula. Kwenye kiwanja chake Papa alijenga kiduka cha matofali ya udongo, na kila suruali aliyoshona Dzaleka aliishonea mle.

Miaka tisa ikapita. Kaka yangu alikuwa ameshahamia Lilongwe, amepanga chumba Chinsapo, anafanya ganyu, yaani kibarua, ya kukata majani kwenye uwanja wa golfu wa mji. Ndipo dosie yetu, faili la kwenda Kanada, ikatoka, na ndani yake tulikuwa Papa, Mama, mimi na wadogo zangu wawili. Yeye hakuwemo. Angekuwemo vipi?

Alikuwa anapiga simu kila wiki. "Papa, umeshabaambia kama mi ni mutoto wako?" Papa anajibu, "Nitabaambia." Nadhani alikuwa na nia kweli. Lakini kuna mzee wa kanisa alimsimulia habari ya familia moja iliyojaribu kusahihisha maneno yake ya zamani, dosie yao ikafungwa, na mpaka leo mama wa familia ile anauza mandasi pale sokoni. Papa akarudi nyumbani na uso ambao sikuwahi kuuona. Kuanzia siku hiyo, kila jioni baada ya nsima, ugali wa huku, akawa anatuuliza sisi watatu, mmoja mmoja:

"Muko batoto wangapi?"

"Batatu."

"Tena."

"Batatu, Papa."

Mama alikuwa anaosha sahani. Aliosha ileile moja mara mbili.

Siku ya mahojiano, kwenye ofisi ya wakimbizi pale kambini, waliniita peke yangu. Mama wa ofisi aliyenihoji alikuwa na sauti nzuri, alinipa maji. Akauliza, mkalimani akageuza: kwenu mko watoto wangapi? Shuleni mwalimu akiniuliza kitu inabidi nirudie mara mbili ndipo anisikie. Siku ile neno lilitoka safi mara ya kwanza. "Watatu." Mkalimani hakuniomba nirudie.

Sasa ilibidi nikamweleze hayo yote mwenyewe, uso kwa uso. Papa alisema neno kama hilo halipiti kwenye simu. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, kwenye sababu nikaandika kwamba naenda kutafuta vitabu vya shule. Jumatatu ya likizo nikafika Lilongwe mchana.

Nilichagua Jumatatu kwa sababu yeye mwenyewe aliniita siku hiyo. Ule uwanja ni wa zamani sana, ulitengenezwa wakati wa Waingereza, na miti yake ni mikubwa kiasi kwamba ukiwa katikati husikii magari ingawa mji umekuzunguka pande zote. Siku nyingine ni za wanachama. Lakini Jumatatu jengo lao hufungwa, na wafanyakazi wa majani wakimaliza kazi, kapitao wao, yaani msimamizi, huwaruhusu kucheza mashimo tisa. Wana mfuko mmoja wenye fimbo tano zilizoachwa na wanachama, moja imezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mshiko. Mipira yao ni ile waliyookota mtoni, pembeni ya uwanja.

"Utacheza na mi," kaka aliniambia kwenye simu. "Mbele tuondoke, uone kwenye nilikuwa natumika."

Mbele tuondoke. Kabla hatujaondoka, sisi pamoja na yeye. Nilisikia hivyo na nikasema sawa.

Alinipokea getini amevaa gambuti, anacheka mpaka fizi. Kapitao alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, Mmalawi mwenye ndevu nyeupe, akauliza kwa Chichewa mimi ni nani wa huyu.

"Mlongo wake," nikasema. Dada yake.

Lilitoka hivyohivyo, bila kufikiri. Kapitao akanitazama, akamtazama yeye, akasema hata ningekataa asingeniamini, pua ni moja. Wenzake wakacheka. Mimi niliangalia chini. Niliona aibu ambayo hakuna mtu pale angeweza kuielewa: kwamba neno lile, lililokataa kutoka ofisini, hapa limetoka bure, mahali ambapo halisaidii kitu.

Kapitao akanipa sheria. Mwingine akipiga, unanyamaza, husogei. Ukichimba majani kwa fimbo, unarudisha donge lako na kulikanyaga. Basi. Nikawaza kwamba huu ni mchezo wa kwanza nilioonyeshwa ambamo kunyamaza ni adabu. Na mimi nilikuwa nimekuja kusema.

Shimo la kwanza nilipiga hewa mara mbili na udongo mara moja.

"Legeza mikono," kaka akasema. "Usikamate kama mwiko. Haiko nsima hii."

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Mupira haiumaki."

Wenzake wawili waliotutangulia wakageuka. Mmoja akapiga kelele, "Achimwene, ndugu yangu, huyo analima au anacheza? Tumpe mbegu!" Kaka akawajibu kwamba dada yake anaanza leo na bado anawashinda wao. Mara ya nne mpira ukaondoka. Haukwenda mbali, lakini uliondoka na sauti kavu, na mikononi sikusikia uzito wowote. Nilicheka kwa sauti. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli: kwa muda kama wa kuhesabu mpaka kumi nilikuwa nimesahau nilichokuja kufanya.

Nilikuwa nimejipangia kumwambia kwenye shimo la pili. Kwenye la pili alikuwa ananionyesha ndege. Nikasema la tatu. Kwenye la tatu tukafika kwenye bendera akapiga magoti, akanionyesha jinsi anavyochimba. Kila asubuhi yeye ndiye anayeamua shimo likae wapi. Anakuja na chuma cha mviringo, anakizungusha, anatoa donge zima la udongo na majani yake juu, kisha analibeba mpaka kwenye shimo la jana na kuliziba. Ukipita mchana huoni kovu.

"Leo nimeziweka zote kwenye bonde," akasema, "ili mupira yako ikuwe inajiendea."

"Juu yangu? Kwa ajili yangu?"

"Juu ya nani mwingine? Bakubwa babo baliniuliza asubuhi juu ya nini nimezifanya rahisi hivi. Nikabaambia kuna mugeni."

Aliinua mpira wangu kutoka shimoni, akaupangusa kwenye suruali yake. Suruali ilikuwa imechanika gotini na kushonwa vibaya, mshono ambao Papa asingeuvumilia.

Kwenye la nne akaanza kuzungumza habari za Kanada. Aliuliza kama kule kuna golfu, halafu akajijibu mwenyewe kwamba lazima iko, wazungu hawawezi kukaa bila golfu, ila wakati wa theluji sijui wanaiona vipi mipira myeupe. Atatafuta kazi hiyohiyo. Majani ni majani. Alikuwa amenunua valizi ya magurudumu, sanduku la safari, kule sokoni Mchesi, gurudumu moja linalia kidogo.

"Na mwenye nyumba nimeshamuambia. Mwisho wa mwezi natoka. Ameshapata muntu wa kuingia."

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, "ungengoja kwanza."

"Ningoje nini? Ninyi mumeshafanya interviu. Yangu njo inabakia. Papa anasemaka bado wiki kidogo tu."

Sikujua kwamba Papa alikuwa bado anamwambia hivyo.

Kwenye shimo la tano mpira wangu ukaingia kwenye majani marefu chini ya miti. Kaka akaja kunisaidia kutafuta. Alitembea huku na huku, ameinama, anafukua kwa ncha ya fimbo. Mimi nilikuwa nimeshaupata. Nilikuwa nimeukanyaga. Nilisimama juu yake kwa kiatu changu cha shule nikijifanya naangalia pande zote, kwa sababu maadamu haujaonekana, hatuendelei mbele, na tusipoendelea mbele sitasema. Alitafuta kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka puani. Akasema, "Acha, nitakupa mwingine," akatoa mfukoni mpira wake mzuri kuliko yote, wa njano, ambao alikuwa ameutunza. Nikaupokea. Nikasema asante.

Sijui kwa nini jambo dogo hilo linaniumiza kuliko mengine yote ya siku ile. Pengine kwa sababu la ofisini naweza kumsingizia Papa. Lile la mpira hakuna aliyenifundisha.

La sita lilipita. Jua lilikuwa limeanza kulala kwenye majani na wale wawili wa mbele walikuwa mbali. Kwenye la saba nilipiga vibaya sana, huku na kule, mpaka hatimaye mpira wa njano ukaingia.

"Umepiga ngapi?" kaka akauliza. Alikuwa na kikaratasi na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, kama fundi.

"Sita."

Akanitazama. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Kadogo, ilikuwa munane. Hapa hakuna refa. Kila muntu anajihesabia mwenyewe. Ukipiga munane, unasema munane, hakuna mwenye atakuchapa."

"Nimedanganya."

"Ni muchezo tu."

"Hapana. Kule ofisini. Nimedanganya kule ofisini, Yaya. Baliniuliza tuko batoto wangapi kwetu. Nikasema tuko batatu."

Nilisikia ndege wakiendelea na mambo yao. Yeye alikuwa bado ameshika kile kikaratasi, kalamu tayari kuandika.

"Papa alikuambia useme vile?"

"Ndiyo."

"Na yeye? Alisema nini?"

"Vilevile. Haendi kusema tena. Anaogopa batafunga dosie. Hauko kwenye dosie, Yaya. Hautakuwako. Njo alinituma nikuambie."

Akaandika nane. Niliona mkono wake ukiandika nane, taratibu, mviringo wa chini kisha wa juu. Halafu akatoa mfukoni kile kichuma chenye meno mawili wanachotumia kuinua majani yaliyobonyezwa na mipira, akapiga magoti akaanza kutengeneza majani kuzunguka shimo, mahali ambapo hapakuwa na kasoro yoyote. Kazi ya siku ilikuwa imekwisha tangu saa nane. Hakuna aliyemlipa kwa kufanya vile.

"Na Mama?"

"Mama alilia. Yule mama wa ofisi akamuuliza kama ni mugonjwa. Akasema ndiyo, kichwa."

"Na batoto badogo?"

"Babo habaelewi vizuri. Balisema kama Papa alivyobafundisha."

"Kwa hiyo muntu hata mumoja hakunitaja."

Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayehakikisha hesabu. Nilitaka aninyanyulie sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa hata nimeandika kwenye daftari maneno ya kumjibu akinitukana. Hakuna hata moja lililofaa.

Akasimama, akapangusa magoti. "Tumalize," akasema. "Yamebakia mawili."

Tukacheza la nane na la tisa bila neno. Nilipopiga alisimama mbali, hakusogea, kama kapitao alivyotaka. Alipopiga yeye nilisimama vilevile. Kwenye la tisa alipiga mpira ambao nadhani ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kupiga, ulipanda juu ya miti ukakaa pale angani muda mrefu. Hakuuangalia ulikotua. Alikuwa anairudisha fimbo kwenye mfuko, anaipangusa udongo kwa kidole.

Getini kapitao akauliza nani ameshinda. Kaka akasema, "Dada." Mzee akanipigia makofi. Nikasema zikomo, asante.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniitia mwendesha kabaza, baiskeli ya abiria, akamlipa, akamwambia anifikishe stendi taratibu. Nilipokuwa nimeshapanda, akashika kiti cha baiskeli.

"Muambie Papa akuje mwenyewe. Asitume muntu. Akuje aniambie hapa, ananiangalia."

"Nitamuambia."

"Sikukasirikii we," akasema. Lakini hakuniangalia aliposema, na mimi nilijua kwamba ananikasirikia, na kwamba ana haki.

Nilimwambia Papa jioni ileile. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Nimesikia." Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Mama alikuwa anampakulia chakula bila kumwambia karibu. Mwishowe Papa akaomba ruhusa, akavaa koti lake la kanisani, akabeba kitu kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka asubuhi kwa baiskeli mpaka barabara kubwa. Mama alisali mchana mzima. Nilimsikia kwa sababu alikuwa anasali huku anachambua maharage, na maharage yalikuwa yanaanguka chini.

Papa alirudi kama saa kumi.

"Ulimuona?" Mama akauliza.

"Hakukuwa."

"Alikuwa wapi na leo iko siku ya kazi?"

"Mama wa batoto, nimesema hakukuwa."

Akaingia dukani, akakaa kwenye cherehani, lakini hatukusikia ikizunguka.

Kesho yake kaka yangu akanipigia mimi, si Papa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Jana fundi wangu alipita," akasema.

"Fundi gani?"

"Njo namna askari wa geti aliniambia. Fundi wako amepita, ameacha suruali zako. Nikauliza fundi gani, mi siko na fundi. Akasema muzee mumoja wa koti, alikaa kwenye uzio karibu saa nzima, anakuangalia vile unakata majani. Askari akamuuliza kama ananifahamu. Akasema ndiyo, ni kliya yake, muteja. Akaacha mufuko akaenda."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya duka, na kupitia ukuta nilisikia Papa akikohoa. Pale getini hakukuwa na ofisi. Hakukuwa na mkalimani wala dosie. Kulikuwa na askari tu mwenye rungu, ambaye angesikia "ni mtoto wangu" na kusahau kabla ya chakula cha jioni. Na bado Papa hakuweza. Nadhani alipofungua mdomo kitu kilichotoka ni kile ambacho kimezoea kutoka.

"Zinakutosha?" nikauliza. Ni swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja.

Nikasikia akizikunjua.

"Zinatosha. Hata urefu. Hajanipima tangu nilihama Dzaleka."

"Yaya."

"Mm."

"Tuko bane. Kwetu tuko batoto bane."

"Mi najua hesabu," akasema. "Kamuambie ule mama wa ofisi." Kisha simu ikakatika, au aliikata, sijui.

Alhamisi nilienda ofisini. Sikumwambia Mama wala Papa. Nilivaa sare ya shule ili nionekane mtu wa maana. Mstari ulikuwa mrefu, na kwa saa mbili za kwanza nilikuwa nikilirudia moyoni lile neno, wanne, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, mpaka likawa halina ladha. Kupitia dirishani nilimwona yule mama, amefunga nywele kwa nyuma, anakunywa maji. Nilipobakiza watu wawili mbele yangu nikawaza valizi zetu ambazo Mama ameshaziweka juu ya kabati, nikawaza wadogo zangu, nikamwaza mama wa mandasi. Nyuma yangu alikuwepo mama wa Kirundi mwenye mtoto mgongoni, mtoto ana homa. Nikampisha. Nyuma yake alikuwepo mzee wa fimbo, nikampisha na yeye, akaniombea baraka. Nikampisha mwingine, na mwingine. Watu walidhani nina adabu. Niliendelea kuwapisha mpaka askari akaja akasema imetosha kwa leo, turudi wiki ijayo, akafunga mlango.